Ndugu Wawili, Ndoana Mbili



Kiangazi hapa Ubaruku, baba na mwana, au kaka na mdogo wake, hushindana kuvua kambare na perege kwa ndoana: nani atajaza ndoo kwanza? Hatuukemei mchezo huo, kwani hujenga undugu. Tunachotilia shaka ni kipimo cha ushindi.

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na samaki hubaki madimbwini. Anayejaza ndoo kwa samaki wachanga humshinda nduguye leo, lakini humnyima mwanawe kesho.

Huko Marekani, mwaka 1972, Ray Scott, mwanzilishi wa chama cha wavuvi wa samaki aitwaye bass, alihimiza washindani wapime samaki wakiwa hai na kuwarudisha majini. Sisi tunavua kitoweo. Hatuwezi kuwarudisha wote. Wachanga twaweza. Basi na ashinde mwenye samaki mmoja mkubwa.

Petro na wana wa Zebedayo, nyavu zilipojaa, hawakushindana. Waliitana wasaidiane (Lk 5:7). Nasi tuwaachie watoto wetu mto wenye samaki.

Dominika njema.