Mate yako yasiwekwe ghalani bila sheria

Msomaji, ukipoteza kitambulisho utapiga ripoti kwa polisi, utakwenda katika afisi ya usajili na baada ya muda utapata kingine. Ukiibiwa nambari ya siri ya simu, utaibadilisha siku hiyo hiyo. Lakini mwilini mwako mna maandishi ambayo huwezi kuyabadilisha hata ukitaka. Maandishi hayo ni DNA. Akiyapata mtu asiyestahili, amekupata wewe, wazazi wako na wanao.

Niseme mapema kwamba sipingi polisi kutumia DNA kuwasaka wahalifu. Ninachopinga ni serikali kufungua ghala la DNA kwanza, kisha sheria ifuate nyuma ikichechemea.

Hofu hii si ya kubuni. Mwishoni mwa 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Usajili wa Watu na kuunda mfumo ambao wananchi waliujua kwa jina la Huduma Namba. Katika orodha ya mambo ambayo serikali ingeweza kuchukua kutoka kwa mwili wa Mkenya, pamoja na alama za vidole, mboni ya jicho na sauti, ilitiwa DNA. Neno hilo lilipita ndani ya mswada wa marekebisho ya sheria nyingi kwa mkupuo, mahali ambapo raia wa kawaida hangefikiria kulitafuta.

Nubian Rights Forum, tume mbili za haki za binadamu na wengineo walikwenda mahakamani. Aprili 1, 2019, usajili ukikaribia kuanza kote nchini, Mahakama Kuu iliizuia serikali kuchukua DNA. Januari 30, 2020 majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir walitoa uamuzi kamili. Walisema kwamba kuchukua DNA ya watu kwa ajili ya kuwasajili ni kuingilia mno faragha yao, hakuna haja yake, na kunakwenda kinyume cha Kifungu cha 31 cha Katiba.

Wengi walidhani mambo yamekwisha hapo. Kwetu sisi tunaotibu watu mitaani hayakwisha. Hapa Lucky Summer, miezi hiyo ya 2019, wagonjwa waliniuliza kama damu ya kupimia malaria ingepelekwa kwa chifu. Niliwaeleza kwamba haiendi popote nje ya maabara yetu. Baadhi waliamini, na baadhi walivaa koti wakaenda zao bila kupimwa. Mtu anayekimbia sindano ya malaria leo atakimbia kipimo cha kifua kikuu na cha virusi vya Ukimwi kesho, na katika ploti ambapo familia kumi zinatumia mlango mmoja, kifua kikuu kisichopimwa si shida ya mtu mmoja. Ghala la DNA lisilo na sheria laweza kuwaua watu ambao hata hawajaombwa mate yao.

DNA ni nini hasa?

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA. Ni maagizo ambayo mwili hufuata katika kujijenga, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Hupatikana katika damu, mate, mzizi wa unywele na hata ngozi inayobanduka unaposhika mlango. Isipokuwa pacha wa kufanana, hakuna watu wawili wenye DNA moja.

Hapa pana tofauti ambayo ningependa uishike vizuri, kwani wanasiasa huichanganya. Kuna sampuli na kuna rekodi. Sampuli ni mate au damu yenyewe. Rekodi ni orodha fupi ya tarakimu ambayo maabara huiandika baada ya kusoma sehemu chache tu za DNA, kama ishirini hivi. Tarakimu hizo hutosha kusema mtu huyu ndiye au siye, lakini hazielezi mengi kuhusu afya yake.

Sampuli ni jambo jingine. Ikihifadhiwa kwenye friji, yaweza kusomwa yote mwaka wowote, kwa mashine ambazo bado hazijabuniwa. Itaeleza kama umebeba jeni ya selimundu, ugonjwa unaowatesa watoto wengi hasa wenye asili ya sehemu za ziwani na Pwani, hata kama wewe mwenyewe huumwi. Itaeleza kama uko katika hatari kubwa ya aina fulani za saratani. Hebu fikiria habari hizo zikiwa mezani pa mwajiri, au pa kampuni ya bima inayoamua utalipa kiasi gani.

Tena alama ya kidole ni yako peke yako, ilhali DNA ni ya ukoo. Anayehifadhi yako amehifadhi sehemu ya ndugu yako ambaye hakuulizwa. Pia hueleza nani ni baba wa nani, na sihitaji kukueleza ni nyumba ngapi zingetikisika karani mmoja asiye na siri akianza kusema.

Faida zake

Ni haki kueleza upande wa pili. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua njia ya kutambua watu kwa DNA mwaka wa 1984 katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Polisi walipoitumia katika uchunguzi wa mauaji ya wasichana wawili, jambo la kwanza ilichofanya ni kumwokoa kijana asiye na hatia ambaye tayari alikuwa amekiri kuua mmoja wao. Muuaji wa kweli, Colin Pitchfork, alifungwa mwaka wa 1988.

Humu nchini, moto ulipowaua wavulana 21 katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, Septemba 2024, ni DNA iliyowezesha wazazi kujua mwili upi ni wa nani. Vivyo hivyo kwa miili iliyofukuliwa Shakahola kuanzia Aprili 2023, ambapo jamaa walitoa sampuli na kungoja karibu mwaka mzima kabla ya miili ya kwanza kukabidhiwa familia Machi 2024. Na mama anayeleta bintiye aliyenajisiwa huniuliza jambo moja: je, ushahidi utapatikana? Mara nyingi jibu limo katika DNA, ikiwa sampuli imechukuliwa mapema na kuhifadhiwa ipasavyo.

Kwa hivyo chombo ni kizuri. Swali ni nani anakishika, na kwa masharti gani.

Sheria inasema nini?

Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 122A, humruhusu polisi wa cheo cha inspekta au zaidi kuagiza kwa maandishi mshukiwa wa kosa kubwa achukuliwe sampuli ya DNA, mradi kuna sababu za kuridhisha za kuamini kwamba itasaidia kuthibitisha kosa au kulikanusha. Kwa mujibu wa kifungu hicho kazi ya kuchukua ni ya daktari. Polisi hapaswi kukuingiza kijiti mdomoni barabarani.

Nayo Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 36, inasema kwamba mshtakiwa akipatikana na hatia mahakama itaagiza sampuli yake iwekwe katika hifadhi ya wahalifu hatari wa ngono. Akiachiliwa, sampuli iharibiwe. Hiyo ni kanuni nzuri. Lakini mahali pa hifadhi hiyo na mambo yatakayoandikwa ndani yake vimeachiwa Waziri aamue. Jambo zito kama hili lilistahili kuandikwa na Bunge, hadharani.

Zaidi ya hayo, kifungu hicho kinamzungumzia mshtakiwa. Je, sampuli ya mtoto aliyedhulumiwa itakaa wapi kesi ikiisha? Ya baba aliyetoa mate ili mwanawe atambuliwe mochari itatumiwa siku moja kumtafuta mwanawe mwingine kwa kosa la wizi? Ya mtu ambaye kesi yake ilikufa kabla ya hukumu?

Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inaihesabu habari ya jeni kuwa data nyeti na kutaka data isiwekwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaacha mlango wazi panapotajwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Nani asiyejua jinsi mlango huo unavyoweza kupanuliwa?

Yaliyowapata wengine

Uingereza ilianzisha ghala lake mwaka wa 1995 na kujaza humo rekodi za watu waliokamatwa tu, hata wasiopatikana na hatia. Mvulana aliyekamatwa akiwa na umri wa miaka 11 na kuachiliwa na mahakama alikataliwa ombi lake la kufutwa. Desemba 4, 2008 majaji wote 17 wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walisema huo ni uvunjaji wa faragha. Ilibidi sheria mpya itungwe mwaka wa 2012, inayoagiza sampuli ziharibiwe katika muda wa miezi sita.

Kuwait, wanakofanya kazi Wakenya wengi, ilitunga sheria mwaka wa 2015 baada ya shambulio la bomu msikitini, ikitaka DNA ya kila raia, mkazi na mgeni. Mahakama yao ya Katiba iliifuta Oktoba 2017. Katika jimbo la Texas, Marekani, damu ya visigino vya watoto wachanga iliyotolewa kwa ajili ya kupima magonjwa ilikuwa ikihifadhiwa bila idhini ya wazazi. Wazazi waliposhtaki mwaka wa 2009, serikali ya jimbo ilikubali kuharibu sampuli zaidi ya milioni tano. Mfano huo unatuhusu sisi madaktari moja kwa moja.

Wapo watakaoniuliza: kama hujafanya kosa, unaogopa nini? Jibu ni kwamba DNA haisemi uongo, lakini watu wanaoishika hukosea. Kwa miaka mingi polisi wa Ujerumani walimsaka mwanamke ambaye DNA yake ilipatikana mahali pa uhalifu kama 40, mauaji yakiwamo. Mwaka wa 2009 iligunduliwa kwamba hakukuwa na muuaji huyo. DNA ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Sasa fikiria maisha yetu ya Eastlands, tunavyobanana katika matatu za kwenda mjini, mfereji mmoja na choo kimoja kwa ploti nzima. Kipande cha sigara ulichotupa kingeweza kuokotwa popote. Kijana atakayekamatwa kwa sababu hiyo hatakuwa na pesa za wakili wa kumtetea.

Masharti ninayopendekeza

Kwanza, ghala liwe la waliopatikana na hatia ya makosa makubwa pekee. Aliyeachiliwa, au ambaye kesi yake imeondolewa, afutwe bila kulazimika kuomba.

Pili, sampuli iharibiwe rekodi ikishaandikwa na kuhakikishwa, isipokuwa pale kesi ingali mahakamani na upande wa utetezi waweza kutaka ipimwe upya.

Tatu, jamaa za waliopotea na waathiriwa wawe na rejista yao, iliyotengwa kabisa na ile ya wahalifu. Mtu anayetafuta mwili wa mtoto wake hafai kuogopa.

Nne, damu na mate yanayotolewa hospitalini kwa ajili ya tiba yasiende kwa polisi ila kwa amri ya mahakama. Mgonjwa ajue hivyo kabla hajakunja shati.

Tano, mlinzi wa ghala asiwe polisi wanaolitumia. Kila anayefungua rekodi aandikwe jina na sababu, Kamishna wa Data akague, na anayevujisha habari afungwe.

Wakati tunaposubiri sheria hiyo, nawe una kazi. Ukiombwa mate au damu kwa jambo lolote lisilo matibabu, uliza kabla ya kufungua mdomo: ni sheria gani inayoruhusu, sampuli itakwenda maabara gani, itakaa muda gani, nani ataiona, na itaharibiwa lini. Taka majibu kwa maandishi na ubaki na nakala. Na ikiwa wewe au mtoto wako amedhulumiwa kimapenzi, usiache hofu hii ikuzuie. Nenda hospitali upesi, kabla ya kuoga ikiwezekana, na ndani ya saa 72 ili upate pia dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.

Katiba inalitaka Bunge lisikilize maoni ya wananchi kabla ya kupitisha sheria. Mara nyingi vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache, halafu sote tunashangaa gazeti likitueleza yaliyopitishwa. Mswada wowote unaogusa damu yako ukitangazwa, nenda ukaseme, au mwandikie mbunge wako. Maji yakimwagika hayazoleki, na DNA iliyotoka nje hairudi mwilini.