Bogenvilia ya mama mkwe

Mwezi wa sita mwaka huu nusura tukosane kweli na mzee wangu, na chanzo si simu wala meseji za usiku. Ni ua! Bogenvilia, lile ua lenye miiba linalopanda kwenye kuta za nyumba nyingi hapa Dar.

Tulipohamia kwetu Goba, alikuja na kijiti cha unene wa penseli kutoka bustani ya mama yake kule Moshi. Mama alikuwa ametutoka miezi michache nyuma, na ile nyumba ilikuwa inauzwa. Akakichomeka getini, kikashika. Basi msomaji wangu, miaka miwili ni majani tu! Matawi marefu, miiba inanasa gauni langu kila Jumapili, ua hata moja hakuna. Nikamwambia ling'olewe, tupande waridi. Hakunijibu. Alichukua ndoo akaenda kulimwagilia.

Ile ndoo ndiyo iliyonifungua macho. Kila jioni ndoo, kila mwezi samadi.

Nikamfuata mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Akacheka: "Mama, mmelishibisha mno." Kumbe bogenvilia ikipata maji na samadi nyingi inanenepa majani, inasahau maua. Ikiwa changa ndiyo, imwagilie mpaka ishike. Ikishakomaa, mwagilia maji ya kutosha kwa mara moja, halafu iache mpaka udongo ukauke. Udongo ukiwa chepechepe kila siku, mizizi inaoza. Na jua iwe nalo, si chini ya saa tano au sita kwa siku. Kivulini utaambulia majani. Halafu maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila yakipukutika, pogoa (vaa glavu, tafadhali).

Kingine nilichojifunza: zile rangi tunazozisifia wala si petali, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe chembamba katikati.

Kumwambia mtu aache kumwagilia ua la marehemu mama yake, jamani, si mchezo. Siku hiyo nilipika kwanza. Alisikiliza, akanyamaza, kesho yake akashika mkasi mwenyewe. Masika yalishapita, ndoo tukaificha stoo. Wiki ya kwanza alikuwa anakwenda getini jioni, anasimama tu, mikono mfukoni.

Mwishoni mwa mwezi wa nane yakatoka. Zambarau iliyokolea, maana kijiti hutoa rangi ileile ya mti mama. Akapiga picha akamtumia dada yake. Dada akapiga simu palepale, wakaongea Kichaga muda mrefu, mimi nikaingia ndani.

Gauni bado linanaswa. Na dada mtu anataka kijiti chake, kwa hiyo Desemba tunapanda nacho Moshi.