Siri ya mgonjwa si siri ya bosi: Mtihani wa wauguzi Waafrika Uingereza

Muuguzi wa jamii Uingereza hana wodi. Anazunguka na gari: asubuhi anambadilishia mzee bandeji nyumbani kwake, mchana yuko kwenye makao ya wazee. Mara nyingi ndiye mtu pekee kutoka nje anayefunua shuka na kuona kilicho chini yake.

Sasa akikuta kidonda cha mgongoni kimeoza, na ni wazi mzee hajageuzwa kitandani siku nyingi? Hapo ndipo neno “usiri” huanza kutumiwa vibaya.

Kanuni za Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, ziko wazi. Kifungu cha 5 kinamtaka muuguzi atunze siri za mgonjwa. Lakini cha 16 na 17 vinamtaka atoe taarifa bila kuchelewa akiona usalama wa mgonjwa uko hatarini. Huko England, sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inailazimisha halmashauri kuchunguza ikidhaniwa kwamba mtu mzima asiyeweza kujilinda anateswa au ametelekezwa. Kwa hiyo kumwambia msimamizi, halmashauri au CQC, mkaguzi wa huduma hizo, si kumwaga siri. Ni kazi yenyewe, na kunyamaza kunaweza kumgharimu muuguzi leseni.

Kinachoponza ni mlango unaotumika kutokea. Mwaka 2005 muuguzi Margaret Haywood alirekodi kwa kamera ya siri jinsi wazee walivyopuuzwa kwenye hospitali moja ya Brighton, na BBC ikarusha. Aprili 2009 NMC ilimfuta kwenye daftari la wauguzi kwa kuvunja usiri. Watu walikuja juu, na Oktoba mwaka huohuo adhabu ikapunguzwa kuwa onyo la mwaka mmoja. Alichofichua kilikuwa kweli, ila bado karibu kimtoe kazini moja kwa moja. Anayetuma picha ya kidonda kwenye grupu la WhatsApp, hata kwa nia njema, alikumbuke hilo.

Kuna pia mitihani isiyo na jibu rahisi. Bibi mwenye akili timamu anakwambia mwanawe anamlia pensheni, halafu anasema, “Tafadhali, usimwambie mtu.” Uamuzi ni wake, na unaheshimiwa. Lakini kama anatishwa, au kuna wengine wanaoweza kuumizwa, muuguzi anaruhusiwa kusema hata bila ridhaa yake. Ndiyo maana si vizuri kumwahidi mgonjwa kwamba hutasema kamwe.

Yote hayo yamo kwenye mafunzo. Kinachofunga midomo ni viza.

Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza Julai 2021 ya kupeleka wauguzi, na viza ya kazi hiyo hufungwa kwa mwajiri. Kibarua kikiota nyasi, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kufunga virago. Kwa wahudumu wa wazee wasio wauguzi hali ni mbaya zaidi: tangu 22 Julai 2025 hawaajiriwi tena kutoka nje, hivyo anayerudi nyumbani leo hana njia ileile ya kurudia.

Ndiyo, sheria ya mwaka 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua uovu. Lakini ulinzi huo huja kupitia baraza la kazi, ambako kesi huchukua miezi mingi, wakati viza inahesabu siku. Mtu mwenye ada za shule za wadogo zake Kisii atapiga hesabu hiyo haraka sana.

CQC hupokea taarifa za wafanyakazi hata bila jina. Tatizo ni kwamba kwenye makao yenye wahudumu sita tu, kujua nani alisema si kazi ngumu.