Picha Haikumbuki Umbali

Simama katika uchochoro wowote wa Mji Mkongwe uangalie milango miwili, kila mmoja una kimo cha mita 3. Wa kwanza uko mita 5 kutoka jichoni, wa pili mita 15. Sasa fikiria kioo kilichosimamishwa sentimita 20 mbele ya jicho. Zidisha kimo kwa 20, kisha gawanya kwa umbali wa mlango: juu ya kioo wa kwanza utakuwa sentimita 12, wa pili 4. Upana hufanyiwa vivyo hivyo. Kompyuta ichorapo mji hurudia hesabu hiyo kwa kila nukta. Haina uganga mwingine.

Lakini kugawanya huko humeza umbali. Dirisha la mita 1 lililo mita 5 nalo hutoa sentimita 4 zile zile, na picha moja haiwezi kutuambia lipi ni lipi.

Jambo hili si mchezo wa darasani. Tarehe 25 Desemba 2020 iliporomoka sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash. Watalii walilipiga picha mno, bila ya kipimo.

Kwa maoni yangu, wanafunzi wa sekondari Unguja wapewe futikamba pamoja na kamera. Kila nyumba ipigwe picha kutoka mahali pawili, nafasi baina yake ipimwe, na upana wa mlango uandikwe. Waanze na zile zilizokwisha kuegemezwa miti.