Umeme wa Piana-Mwanga usipite juu ya paa za wakaaji wa Manono

Maporomoko ya Piana-Mwanga, kwenye mto Luvua, yako karibu kilomita 85 kutoka mji wa Manono, jimbo la Tanganyika. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Kibelgiji Géomines ilijenga hapo kituo cha umeme wa maji cha karibu megawati 29, ili mashine zake za bati zizunguke. Kazi ya bati ilianguka, vita vikafika Manono, na mitambo ikanyamaza.

Leo litiamu imeamsha jina hilo tena. Makampuni yanayogombania akiba ya Manono yanajua kwamba bila umeme hakuna kiwanda, ndiyo maana ukarabati wa kituo umeingia katika mipango yao. Inafaa raia waulize mapema: waya zikitoka Luvua, zitaishia wapi?

Zamani umeme ulifuata mgodi; mgodi ulipokufa, umeme nao ukafa. Mwaka 2018 mji ulipata kituo cha jua cha megawati moja. Kinasaidia, lakini megawati moja haitoshi mji unaokua.

Na mji utakua, kwa sababu penye madini watu hufika. Hapo ndipo hatari ya pili inapoanza, ile ya viwanja. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Ardhi ya vijiji iliachiwa ordonansi ya Rais, na kwa zaidi ya miaka arobaini ordonansi hiyo haikutoka. Katika pengo hilo chifu anaweza kuuza kiwanja, na ofisi ya ardhi ikamwandikia mtu mwingine kiwanja hicho hicho. Nyumba inajengwa mahali ambapo kesho patapita barabara au nguzo za umeme, halafu inabomolewa. Anayepoteza ni mama aliyeuza mihogo miaka kadhaa ili anunue matofali.

Serikali ya jimbo huko Kalemie inaweza kuzuia hayo. Kwanza, ramani ya mji itolewe kabla ya viwanja kugawiwa, ikionyesha barabara, soko, shule na njia ya waya, na ibandikwe mahali pa wazi. Pili, mkataba wowote juu ya Piana-Mwanga uandike sehemu ya mji kwa megawati, si kwa ahadi. Sheria ya umeme ya 2014 ilimaliza ukiritimba wa SNEL, kwa hiyo kukosekana kwa SNEL si kisingizio tena.

Tatu ni pesa. Kanuni ya madini ya 2018 inatoa asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, tena inadai kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sehemu ya pesa hizo iende kwenye nguzo na waya za mitaa.

Kampuni itasema kiwanda chake kinahitaji megawati zote. Inawezekana. Ndiyo sababu sehemu ya mji lazima iandikwe kabla ya sahihi: mashine ikishazoea kula umeme wote, hakuna atakayeizima ili kuwasha taa ya hospitali. Maji ya Luvua si ya kampuni.