Menyu ya nyota na reli bado ni mali sokoni

Mfanyabiashara anayenunua mahindi vijiji vya Tarime na kuyauza ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Isibania, kwa kawaida hubeba simu moja yenye laini mbili, ya Tanzania na ya Kenya. Malipo ya upande huu hupitia *150*00# au *150*01#. Ya upande wa pili hupitia *334#. Ukimuuliza simu ipi ni nzuri, haanzi na kamera. Anauliza chaji inakaa muda gani, na fedha inatoka kwa kubonyeza mara ngapi.

Wako wanaosema huo ni ushamba. Safu hii inaona kuwa ni hesabu ya biashara.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Wakati huo simu iliyotawala mikoani ilikuwa kitochi, mithili ya Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani. Menyu ya nyota na reli ilitengenezwa kwa simu ya aina hiyo. Ujumbe wake mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, hivyo mtengenezaji alilazimika kusema machache: namba moja kutuma, namba nyingine kutoa, nyingine kulipa. Haihitaji bando. Inafanya kazi kwenye kitochi na kwenye simu janja kwa namna ile ile.

Faida yake ilionekana Novemba 2024, Tigo ilipobadilika kuwa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Jina lilibadilika, rangi zikabadilika, mabango yakapakwa upya. Lakini *150*01# ilibaki. Mteja ambaye vidole vyake vimezoea namba hiyo hakuhitaji kufundishwa upya, na biashara iliendelea.

Programu za simu janja zina tabia tofauti. Mwaka jana nikiwa Mugumu, wilayani Serengeti, nilisimama juani kumlipa muuza mbuzi. Programu ya fedha niliyokuwa nayo ilikuwa imejisasisha usiku. Mahali pa kitufe cha kutuma palikuwa na tangazo la mkopo, nami nikabonyeza kwa mazoea. Nilipofanikiwa kutoka humo mtandao ulikuwa umeshuka, na mbuzi alikuwa amepata mnunuzi mwingine mwenye noti mkononi. Tangu siku hiyo malipo ya mnadani nayafanya kwa nyota na reli.

Tatizo hili si la kwetu pekee. Apple ilibadili sura ya simu zake mwaka 2013, ikaondoa kitufe cha chini kwenye iPhone X mwaka 2017, na mwaka 2025 ikaleta sura ya vioo vinavyopitisha mwanga. Android nayo ilileta mwaka 2019 utaratibu mpya wa kupapasa kioo badala ya vitufe vitatu vya chini. Kwa anayekaa ofisini hayo ni mapambo. Kwa mwenye vumbi la unga vidoleni, kila badiliko ni muda wa kujifunza upya, na muda huo haulipwi na yeyote.

Hata hivyo, haki itendeke. Menyu ya nyota hukatika ukichelewa kujibu, ukaanza upya. Haikupi orodha nzuri ya miamala ya mwezi mzima, na kuandika namba ya simu tarakimu kwa tarakimu ni njia rahisi ya kupeleka fedha kwa mtu usiyemjua. Hapo programu inashinda: unachagua jina lililohifadhiwa, na jioni unafunga hesabu bila daftari.

Maoni yetu, basi, ni kwamba kampuni ziache sehemu ya kutuma na kulipa mahali pake mwaka hadi mwaka, na mapambo yafanyike kwingine. Jina la mpokeaji lionekane kwa herufi kubwa kabla ya namba ya siri. Matangazo ya mikopo yasikae kwenye njia ya kidole.

Mwekezaji mdogo naye ana lake hapa. Hisa za Vodacom Tanzania ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 kwa bei ya shilingi 850. Mwenye hisa za kampuni ya namna hiyo hupata kipato kutokana na miamala inayokamilika, si inayoachwa njiani. Akisikia kampuni inajivunia programu yenye sura mpya, aulize wateja wangapi wa vijijini wamekwama nayo.

Kwa mfanyabiashara ushauri wetu ni mfupi. Weka programu kwa ajili ya kumbukumbu, lakini namba za nyota zijue kwa kichwa. Na kabla ya kubonyeza, hakikisha ni laini ya nchi ipi unayotumia.