ADA YETU TULIPE WENYEWE

Ndugu wanachama,

Mtia nia mmoja ameomba kulipia ada ya tawi zima. Tumekataa, na sababu ni hii.

Januari 1958, hapa hapa Tabora, wajumbe wa TANU walibishana kama chama kiingie au kisusie uchaguzi wa kura tatu, uliomtaka mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwalimu alishinda kwa hoja. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa. Mwanachama aliyelipiwa ada atapata wapi mdomo wa kubishana hivyo?

Azimio la Arusha, 1967, lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, Zanzibar, viongozi wakayalegeza masharti hayo. Kwa hiyo tusimwachie mkubwa ajichunge mwenyewe, tumchunge sisi. Na huwezi kumchunga anayekulipia.

Asiyenacho kwa sasa alipe kidogo kidogo, hafutwi mtu. Kila shilingi itakatiwa stakabadhi. Mkutano ujao tutasoma daftari la mapato na matumizi. Njooni na maswali, mkianza na sisi viongozi wa tawi.

Katibu wa Tawi